Mashuka ya Jumapili

Mimi sisamehi upesi, na sioni haya kusema hivyo. Moyo wa kusamehe alikuwa nao mama yangu, Effie. Mimi nilimrithi baba, aliyekufa hajasemezana na ndugu yake kwa ajili ya kondoo mmoja. Kwa hiyo Torcuil alipomnyima mama kibati mwaka ule, sikuliombea jambo hilo. Nililitunza.

Kwetu kisiwani Lewis, kaskazini mwa Uskoti, hukaribii Meza ya Bwana bila kibati. Ni kipande cha madini ya risasi kisichozidi ukucha wa dole gumba, na wazee wa kanisa hukigawa Jumamosi, kwa wale tu wanaowaona wanastahili. Mama alikuwa akikipokea tangu mimi sijazaliwa. Lakini mwaka ule kifua chake kilikuwa kimekwisha, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba asitegemee kuuona msimu mwingine wa Meza. Akawa na ombi moja tu: aketi mezani mara ya mwisho pamoja na watu wake. Hakutaka dawa, hakutaka hospitali ya mjini. Alitaka kibati.

Torcuil alikuwa jirani yetu, mfuma vitambaa vya sufu, mashamba yetu yanapakana. Kabla ya Uamsho alikuwa mpiga fidla na mlevi, tena mchangamfu, na kusema kweli nilimpenda zaidi siku zile. Kisha Uamsho ukaingia vijijini, watu wakaanguka barabarani wakilia, naye akawa mmoja wao. Kesho yake akaichoma uani fidla ya marehemu baba yake, mama yake mzee akitazama dirishani. Hakuna aliyemwambia achome. Tangu hapo akawa moto mtupu. Jumamosi jioni alimfunika jogoo wake kwa kikapu, asije akawapanda kuku siku ya Sabato. Akiomba kwenye mkutano wa maombi, sauti yake ilifika mpaka ufukweni. Haikupita miaka mingi wakamfanya mzee wa kanisa, maana wenye akili waliogopa kumpinga mtu anayelia machozi ya kweli.

Na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililoniudhi. Mnafiki unaweza kumwacha akajichokea mwenyewe. Huyu aliamini kila neno lililomtoka.

Mkewe, Mairead, alikuwa mtu wa maneno machache. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na Torcuil alipojua, alisimama kwenye mkutano wa maombi akamlilia Mungu afichue dhambi iliyofichika, ile iliyolifunga tumbo la mkewe. Alisema hivyo hivyo, mbele ya majirani wote, na Mairead ameketi pale pale kwenye benchi, uso umemwiva. Torcuil alidhani anamtetea. Alitoka nje akijifuta machozi, akamshika mkewe mkono kwa upendo kabisa, na Mairead akauondoa mkono wake.

Sasa nifike kwenye mashuka.

Mwezi wa Juni Torcuil alikwenda kwenye msimu wa Meza wa usharika wa jirani, kama wafanyavyo wazee wa kanisa, akae huko tangu Alhamisi mpaka Jumatatu. Jumapili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda ibadani, Mairead alikuja mlangoni kwetu ameshikilia ukuta. Mama alikuwa mkunga wa kijiji tangu ujana wake. Hakuuliza kitu. Alivaa aproni juu ya nguo ya kanisani, akamrudisha Mairead nyumbani kwake, akaniambia nichote maji. Nikachota. Ndiyo, siku ya Sabato, ndoo baada ya ndoo, siku ambayo kwetu hata viazi humenywa jana yake.

Mtoto alikuwa wa mwezi wa tano, na hakuwa na uhai. Torcuil hakujua hata kama mkewe ana mimba, kwa sababu Mairead aliificha chini ya nguo za sufu. Mama alimfunga mtoto kwa kitambaa cheupe, akampapasa kichwa, akamweka kando ya moto kana kwamba angeweza kupata baridi. Mairead akamkamata mkono.

"Effie, niapie. Torcuil asijue. Akijua atasimama aniombee tena mbele za watu, na safari hii najitupa baharini. Wallahi najitupa."

Ndivyo ninavyolisimulia neno lile; kwa lugha yetu alitaja jina la Mungu, jambo ambalo kwa Mairead lilikuwa kubwa. Mama akaapa. Kisha akanigeukia: "Na wewe, Dolina." Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kuapa, na hiyo nikaiweka akiba.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa mashuka ya kitani ya marehemu mama yake Torcuil, yenye herufi za jina lake zilizotariziwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe. Torcuil aliyaonea fahari mashuka yale kuliko ng'ombe wake. Damu kwenye kitani haingoji Jumatatu. Mama akayafua saa ile ile, akayaanika kwenye kamba yetu nyuma ya nyumba, ili yakauke na kurudi kitandani kabla mwenyewe hajarudi.

Lakini mwenyewe alirudi mapema. Alikuwa amegombana na wazee wa kule kuhusu jambo la mahubiri, akaondoka kwa hasira kwa miguu, na Jumapili jioni, jua la Juni bado liko juu, akapita nyuma ya nyumba yetu. Nilimwona dirishani. Alisimama akayatazama mashuka meupe yanayopepea siku ya Sabato, na machozi yakamtoka. Kisha akachomoa kisu, akaikata kamba. Shuka moja akalichana katikati. Yote mawili akayakanyaga matopeni kwa viatu vyake vya kanisani.

"Effie!" alipiga kelele. "Umri huu, Effie! Mguu mmoja uko kaburini!"

Mama akatoka mlangoni, anakohoa. "Torcuil, mwanangu, ungeuliza kwanza."

"Niulize nini? Macho ninayo!"

"Macho unayo," mama akasema.

Mtu yule alikuwa amesimama juu ya jina la mama yake mzazi, lililotariziwa kwa uzi mwekundu, na hakuliona. Akaenda nyumbani. Mkewe akamwambia tumbo linamsumbua. Akamwombea dakika nyingi, akalala kwenye mablanketi matupu, na hakuuliza mashuka yako wapi. Wanaume wa aina yake hawajui wanalalia nini.

Mwezi uliofuata mama aliitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye kijibenchi nje ya mlango, na ubao wa mlango ule ni mwembamba. Mchungaji wetu, Nicolson, alikuwa msomi, amesoma Kiebrania na Kiyunani, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Effie," alimwuliza, "kazi ya lazima na kazi ya huruma zinaruhusiwa Sabato. Sote tunalijua hilo. Ilikuwa ya huruma?"

"Ilikuwa, Mchungaji."

"Basi," Nicolson akasema, nikasikia karatasi zikikusanywa, "nadhani yatosha."

"Haitoshi!" Torcuil akadakia. "Huruma kwa nani? Huruma ina jina. Amtaje huyo mtu, na mimi nitamwomba msamaha kwa magoti."

"Siwezi kumtaja," mama akasema.

"Basi atubu!"

"Siwezi kutubu vilevile, Torcuil. Nikitubu nitakuwa namdanganya Mungu, na Yeye alikuwepo."

Nilingoja mchungaji aseme neno. Alikuwa analo, najua alikuwa analo, kichwa chake kimejaa maneno ya namna hiyo. Akakohoa kidogo, akasema jambo hili ni gumu, afadhali ndugu walitafakari. Wakalitafakari. Uamuzi ukawa kwamba Effie hapati kibati mpaka aeleze au atubu. Mmoja alikuwa na moto bila ufahamu, mwingine ufahamu uliopoa kama uji wa jana, na mama yangu akaenda nyumbani amenishika mkono, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Nilimchukia yupi zaidi? Siku hiyo niliwachukia sawasawa.

"Niache niende nikamwambie," nilimwambia mama njiani. "Mimi sikuapa."

"Uliapa."

"Niliitikia kwa kichwa."

"Dolina," akasema, "Torcuil si mbaya. Ana moto, na hakuna aliyemfundisha pa kuuweka. Ukimwambia wewe, utamchoma Mairead, si yeye."

Basi nikafanya lile nililoweza. Nikakaa nikalishona lile shuka lililochanwa. Mama alinipa uzi mweupe. Nikatumia mweusi, uzi mnene wa sufu, mishono mikubwa kama ya gunia, kutoka juu mpaka chini.

Mwezi wa Agosti ukaja msimu wetu wa Meza. Nyumba zote zikajaa wageni kutoka vijiji vingine, watu wakilala mpaka kwenye mabanda ya kufumia. Torcuil alipewa heshima ya kumlaza mchungaji mgeni, na Jumatano Mairead akaja kwetu amepauka.

"Anataka mashuka ya mama yake," akasema. "Kwa ajili ya mgeni. Nimemwambia niliwaazima."

Nikayaleta. Alipoona ule mshono mweusi alikaa kitini.

"Mwambie," nikamwambia. "Mairead, mwangalie mama yangu. Msikilize anavyopumua. Jumamosi wanagawa vibati."

"Siwezi."

"Unaweza. Hutaki."

"Dolina, wewe hukukaa kwenye lile benchi," akasema, na macho yake yalikuwa makavu. "Hukusikia tumbo lako likitajwa kama ng'ombe wa mnada."

Mama alisema kutoka kitandani, "Mwache. Mairead, mpenzi, nenda nyumbani. Mungu ana vibati vyake." Mairead akaondoka na shuka lile zima. Lile lililochanwa akaliacha mezani.

Sasa nilikuwa nimebakiwa na Ijumaa. Ijumaa ya msimu wa Meza kwetu ni siku ya Swali. Mchungaji huuliza kama kuna ndugu mwenye Swali, mwanamume mmoja husimama na kutaja neno la Maandiko, na kuomba zielezwe dalili za muumini wa kweli kwa neno hilo. Kisha wanaume huitwa mmoja mmoja kwa majina waseme kutoka moyoni. Anayeitwa hakatai. Wanawake husikiliza. Kaka yangu Finlay alikuwa amekubaliwa mezani mwaka uliotangulia, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusimama. Ni mtu wa aibu, anayetoka jasho akiulizwa saa. Nilimfuata zizini.

"Utasimama," nikamwambia.

"Dada, tafadhali."

"Utasimama utaje lile neno la mtume Paulo kuhusu watu wenye juhudi kwa Mungu isiyo na ufahamu. Uombe dalili za kumtofautisha mwenye moto wa Mungu na mwenye moto wake mwenyewe."

"Watajua limemlenga nani!"

"Ndiyo maana ya kulenga, Finlay. Mama yako anakufa, na wewe unaogopa kusimama."

Akasimama. Umati ulikuwa mkubwa hata ibada ikafanyika nje, bondeni, watu wameketi kwenye majani. Finlay alitaja neno lake kwa sauti iliyopasuka, akaketi upesi kama aliyechomwa. Wazee wakaitwa mmoja baada ya mwingine. Wengine walisema vizuri. Babu mmoja wa kijiji cha mbali alisema kwamba mwenye moto wa Mungu huanza kujichoma mwenyewe, na mwenye moto wake huanza na jirani, na nikaona watu wengi wakitazama chini. Nicolson alimwita Torcuil mwisho kabisa. Nadhani alitumaini atajifunza kitu kabla zamu yake haijafika.

Torcuil alisimama, kofia mkononi.

"Nimelisikia Swali," akasema, "na najua ninaulizwa mimi. Basi nijibu. Heri mimi niungue bila ufahamu, kuliko nijue kila kitu nikiwa barafu. Mwezi wa Juni niliona mashuka kwenye kamba siku ya Bwana. Kamba ya mwanamke aliyeketi hapa, mwanamke aliyekula Mezani miaka yote. Nilipaswa kusimama nitafakari? Nilichukua kisu! Na ningefanya hivyo tena leo. Huyo ndiye mwenye jina zuri na mtungi mtupu. Dalili mnazitaka? Zilikuwa zinapepea kwenye kamba!"

Alikuwa analia. Baadhi ya wageni nao walianza kulia, kwa jinsi sauti yake ilivyowashika. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando yangu, shali mabegani, na watu waliokuwa hawamjui wakaanza kumtafuta kwa macho, wakamtambua kwa kikohozi. Aliweka mikono magotini. Sikuwahi kumtakia mtu kifo kabla ya hapo. Nilimtakia Torcuil siku hiyo, pale pale katikati ya ibada, na sikushusha sauti moyoni.

Kisha nikaona Mairead ananitazama kutoka safu ya mbele. Aliashiria kwa kichwa mara moja, kuelekea nyumbani kwake. Nikaelewa. Nilipita kwetu nikachukua lile shuka.

Baada ya ibada wageni walikwenda kula kwa Torcuil: wachungaji wote wawili, wazee wa kanisa, babu yule wa kijiji cha mbali. Sisi wanawake ndio tuliopika, viazi na nyama ya kondoo ya chumvi. Mairead alinipokonya shuka mlangoni kabla sijasema neno, akaingia nalo, akakiondoa kitambaa cha mezani, akalitandaza. Ule mshono mweusi ukakaa katikati ya meza, toka upande mmoja mpaka wa pili. Pembe yenye uzi mwekundu akaiweka mbele ya kiti cha mumewe, akailainisha kwa kiganja.

Torcuil aliingia anaongea na mchungaji mgeni. Akaiona meza.

"Mairead, gunia gani hili umewatandikia watumishi wa Mungu?"

"Ni shuka la mama yako," Mairead akasema. "Soma jina."

Akainama akasoma. Nilimwona akisoma mara mbili.

"Nani amelichana?"

"Wewe. Mwezi wa Juni. Ulilichana kwenye kamba ya Effie, ukalikanyaga, na leo umesema mbele ya umati kwamba ungelichana tena. Lilikuwa na damu yangu, Torcuil. Nilikuwa nimempoteza mtoto wetu kitandani humu, na wewe hukuwepo, na Effie ndiye aliyeniosha. Nilimwapisha asiseme. Kwa hiyo hakusema, hata mlipomnyima Meza."

Nicolson alifumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya viazi, na nakumbuka jinsi mvuke ulivyonichoma uso, na sikutaka kuondoka. Torcuil alishika ukingo wa meza. Kisha, kwa sababu ni jambo moja tu analolijua, alinyoosha mikono juu na kufumba macho.

"Ee Bwana," akaanza, "tazama dhambi ya nyumba hii, tazama mke wangu, mjakazi wako Mairead, ambaye tumbo lake..."

"Funga mdomo."

Sikuwahi kusikia sauti ile kwa Mairead, wala wengine hawakuwahi. Alikuwa amekuja mpaka usoni pake.

"Hata sasa?" akasema. "Hata hili unataka kuliombea watu wasikie? Keti chini. Usithubutu. Keti!"

Akaketi. Babu wa kijiji cha mbali akavua kofia yake, akasema kwa upole kwamba yeye hana njaa tena, wakatoka mmoja mmoja. Nikaweka viazi juu ya ule mshono na kwenda nyumbani. Nilitembea nikicheka peke yangu barabarani, mwanamke mtu mzima, nikicheka.

Jumamosi asubuhi Nicolson alikuja kwetu na kibati kwenye kiganja chake. Nyuma yake Torcuil, na nyuma ya Torcuil, Mairead. Mchungaji alipiga magoti kando ya kitanda cha mama.

"Nilijua, Effie," alisema. "Nilijua lilikuwa jambo la huruma, na nilinyamaza. Nisamehe."

"Unajua mengi, Mchungaji," mama akamwambia. "Siku nyingine paza sauti kidogo." Akapokea kibati, akakifumbata, na mkono ule haukufumbuka mpaka kesho yake.

Torcuil alikuwa amebaki karibu na mlango. Hakuwa amelala, ilionekana. Nicolson akasema baraza liko tayari kumzuia Torcuil asikaribie Meza, na kwamba aliyekosewa ndiye aseme.

"Sema, mama," nikamhimiza. "Sema!"

"Aliyekosewa ni Mairead," mama akajibu. "Mwulizeni yeye."

Wote tukamgeukia. Mairead alikuwa amefunga shali yake kichwani kama anayekwenda safari.

"Aje Mezani," akasema. "Akae na Effie, benchi moja, ampitishie mkate kwa mkono wake. Lakini mwaka mzima asiombe kwa sauti mbele ya watu. Kanisani, mikutanoni, hata kushukuru chakula. Asikilize wengine. Na habari ya mtoto wangu asiitamke, kwa Mungu wala kwa mtu wala kwangu. Mwaka ukiisha, nitaona nimwambie nini."

Nicolson alimtazama Torcuil. Torcuil aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimetaka azuiwe, atolewe, watu wamnyooshee vidole. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Mairead alimjua kuliko mimi, na kwamba hakuna bakora yoyote ingemfika pale ilipomfika hiyo. Unamnyima samaki maji, halafu unamwacha aogelee.

Jumapili mama alikaa Mezani. Torcuil alimpitishia mkate, ukavunjika vibaya mikononi mwake, na mama akamtabasamia. Mimi sikumtabasamia.

Nilimtazama vuli yote. Kwenye mkutano wa maombi watu walizoea kumsubiri, kisha Nicolson akamruka, na yeye akabaki amekaa, shingo imesimama mishipa, akimeza. Alisikiliza wazee wakiguna maombi yao mafupi ya kila wiki, ya mvua na ya wagonjwa. Watu walisema amekuwa mnyenyekevu. Nilisema amefungwa mdomo, si kitu kimoja. Lakini siku moja nilimwona amebeba maji ya kwetu mpaka mlangoni, akayaweka, akaondoka bila neno, na sikujua nifanye nini na hilo, kwa hiyo nikayamwaga kwenye kabichi.

Mama alikufa Januari. Jeneza liliwekwa chumbani na mabenchi yakapangwa, kama desturi, wanaume waje waimbe zaburi na kuomba kwa zamu. Alasiri ya siku ya pili mimi na Mairead tulikuwa jikoni tunakata mikate. Torcuil akaingia, kofia mkononi. Aliufunga mlango polepole nyuma yake.

"Mairead," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. "Yule mtoto. Mlimlaza wapi?"

Tangu nimjue, hilo lilikuwa swali la kwanza kumsikia akiuliza na kisha kungoja jibu. Mairead aliendelea kukata mkate. Torcuil akanigeukia mimi.

"Dolina, mama yako alikuambia?"

Aliniambia. Alikuwa ameniambia wiki moja kabla ya kufa, na Mairead alipajua, na kila Jumapili Torcuil alipita karibu na mahali pale akienda kanisani. Nilimtazama usoni.

"Aliyemzika yuko kwenye jeneza, chumba cha pili," nikamwambia. "Tangu Juni mpaka wiki hii alikuwa hai, jirani yako. Ungemwuliza."

Machozi yakamtoka, mengi, na safari hii hayakuwa na sauti. Nilikuwa nimengoja kuyaona, na nilipoyaona nilifurahi, na sitamdanganya mtu kuhusu hilo. Mairead akaweka kisu chini. Nikadhani sasa atalegea, kwa sababu alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama mke anavyomtazama mume.

"Mwaka haujaisha, Torcuil," akamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Alirudi chumbani, akaketi kwenye benchi lililo karibu zaidi na jeneza la mama, wenzake wakiomba kwa zamu, naye mdomo umefungwa. Nikawapelekea chai. Kikombe chake nilikimimina cha mwisho.